Patana Naye Mkiwa Bado Njiani: Wakili, Jenerali na Barua Isiyo na Jina



  Leo tunakaa na Injili ya Mathayo 5:21-26. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako, hata ile ya kwenye simu si dhambi, usome aya hizo taratibu. Mimi nakusubiri hapa.

Umesoma? Haya, twende.

Yesu anaanza na amri ya kutoua, halafu anaivuta mpaka kwenye ulimi. Anayemdharau ndugu yake kwa maneno naye ana la kujibu mbele ya Mungu. Mwishoni anatoa mfano wa watu wawili wenye kesi. Wako barabarani, wanaelekea kwa hakimu. Hawajafika. Yesu anasema: malizaneni hapo hapo, upesi, kwa sababu mkishafika mambo hayatakuwa tena mikononi mwenu.

Nikiri kwamba kwa miaka mingi niliisoma aya ya 25 kama ushauri wa kukwepa gharama za mahakama. Nimekuja kuielewa kupitia maisha ya mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia. Alikuwa wakili, akawa jaji, akawa jenerali wa jeshi. Na alikuwa Mkatoliki mwenzetu. Anaitwa James Shields.

Huyu Shields ni nani?

Alizaliwa Ireland, katika eneo la Tyrone, mwanzoni mwa karne ya 19. Akiwa kijana alivuka bahari kwenda Marekani, akafika jimbo la Illinois, akafundisha shule, akajisomea sheria na kuanza kazi ya uwakili. Unajua maisha ya mgeni yalivyo. Huna mjomba ofisini, huna shamba la urithi. Mtaji wako ni elimu yako na jina lako. Ukichafuliwa jina, umebaki na nini?

Shields alipanda haraka. Mwaka 1836 alichaguliwa kuingia kwenye bunge la Illinois. Mwaka 1841 akawa mkaguzi mkuu wa hesabu za jimbo. Hapo ndipo matata yalipoanza.

Mwaka 1842 benki ya jimbo ilianguka na noti zake zikapoteza thamani. Serikali ya jimbo ikatangaza kwamba haitapokea kodi kwa noti hizo. Fikiria mkulima aliyeuza mahindi yake akalipwa kwa noti za benki hiyo, halafu serikali inamwambia hizo hatuzitaki. Watu walikasirika, na Shields alikuwa mmoja wa viongozi waliobeba uamuzi huo.

Mwezi Septemba gazeti moja la mji wa Springfield likachapisha barua. Aliyeiandika alijiita Rebecca, mama wa kijijini, asiye na elimu kubwa, anayelalamikia kodi. Lakini barua haikuishia kwenye kodi. Ilimsema Shields kuwa mwongo, ikamcheka anavyojiona mtanashati mbele ya wasichana. Ikafuata barua nyingine ya kejeli, kali zaidi. Mji mzima ukacheka.

Kwa lugha yetu ya leo tungesema: akaunti feki.

Na nani alikuwa nyuma ya akaunti hiyo? Barua ile ya kwanza iliandikwa na wakili mwingine wa hapo hapo Springfield, kijana mrefu aliyeitwa Abraham Lincoln. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Ile nyingine iliandikwa na wasichana wawili, akiwemo Mary Todd, ambaye baadaye alikuwa mke wake.

Shields alimbana mhariri, na Lincoln akakubali jina lake litajwe. Basi Shields akamwandikia barua ya ukali, akitaka afute kila neno. Lincoln naye akakasirishwa na ukali ule, akasema hajibu mpaka barua hiyo iondolewe kwanza. Mnaona moto unavyokua? Kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Mwisho Shields akamwita Lincoln kwenye pambano la silaha, watu wawili uso kwa uso, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa zamani waliotaka kulinda heshima yao.

Ubao uliosimamishwa kati yao

Jamani, hebu tusimame hapa kidogo. Hawa wote wawili ni wanasheria. Wanajua kabisa kwamba sheria ya Illinois inakataza mapambano ya namna hiyo. Ndiyo maana walivuka mto Mississippi kwenda kwenye kisiwa cha upande wa Missouri, karibu na mji wa Alton. Watu wanaoishi kwa kutetea sheria wanapanda mtumbwi kuikimbia sheria.

Na Shields alikuwa na kosa la ziada. Kama Mkatoliki, Kanisa lake lilikuwa limekwisha kulaani mapambano hayo tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, tena kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Hasira ikishapanda, wakili anasahau sheria na Mkristo anasahau ubatizo wake.

Kwa kuwa Lincoln ndiye aliyeitwa, desturi ilimpa haki ya kuchagua silaha. Akachagua panga ndefu za askari wapanda farasi. Akaweka na masharti: ubao mrefu usimamishwe ardhini katikati yao, na atakayeuvuka amepoteza haki ya kuishi. Lincoln alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 4, na Shields alikuwa mfupi kwake kwa mbali. Hesabu unaiona mwenyewe.

Tarehe 22 Septemba 1842 walifika kisiwani. Panga zipo, wasimamizi wa kila upande wapo.

Hapo ndipo wakatokea watu wengine wawili waliokuwa wamewafuata mbio. Mmoja wao aliitwa John J. Hardin, naye wakili. Hawa hawakuja kutazama. Walikuja kuzungumza na pande zote mbili. Na baada ya kwenda huku na kurudi kule, maneno yalipatikana: upande wa Shields uliondoa ile barua ya ukali, na upande wa Lincoln ukaeleza kwamba aliandika barua moja, kwa ajili ya siasa, wala hakukusudia kuharibu heshima ya Shields kama mtu.

Basi. Hakuna aliyemwaga damu. Walirudi wakiwa hai.

Aya ya 25 ilitimia pale kisiwani. Walipatana wakiwa bado njiani. Wangechelewa nusu saa tu, pengine mmoja angekuwa kaburini na mwingine mahakamani.

Miaka 19 baadaye

Maisha yakaendelea. Mwaka 1843 Shields akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Illinois. Vita kati ya Marekani na Mexico ilipoanza mwaka 1846, akawa brigedia jenerali. Aprili 1847, kwenye mapigano ya Cerro Gordo, risasi ilimpita kifuani. Wengi walidhani hataishi. Akapona, akarudi vitani, akajeruhiwa tena mwaka huo huo huko Chapultepec. Baadaye akawa seneta wa Illinois, kisha wa Minnesota, na uzeeni wa Missouri. Mpaka leo ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa seneta wa majimbo matatu ya Marekani. Huko Minnesota aliwasaidia Wakatoliki wa Ireland kupata makazi, na kijiji cha Shieldsville kinabeba jina lake.

Mwaka 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikalipuka. Rais alikuwa nani? Abraham Lincoln. Alihitaji majenerali. Na mwezi Agosti mwaka huo akamteua James Shields kuwa brigedia jenerali.

Yule aliyetaka kumkata kwa upanga kisiwani, sasa anamkabidhi askari. Na yule aliyechekwa na mji mzima kwa sababu ya barua ya Rebecca, anakubali kumtumikia aliyeiandika. Machi 1862, huko Kernstown, Virginia, kikosi cha Shields kilimshinda jenerali maarufu wa upande wa pili, Stonewall Jackson, siku moja tu baada ya Shields mwenyewe kuvunjwa mkono na kipande cha kombora. Mwezi Juni mambo yakageuka, askari wake wakashindwa na Jackson huyo huyo. Mwaka uliofuata akaacha jeshi. Alifariki tarehe 1 Juni 1879 huko Ottumwa, Iowa, akazikwa kwenye makaburi ya Kikatoliki ya Carrollton, Missouri.

Simleti kwenu kama mtakatifu. Kanisa halijamtangaza hivyo, na vita alizopigana zina maswali yake. Namleta kama mtu wa kawaida aliyekaribia kuharibu maisha mawili kwa sababu ya maneno, akapewa nafasi ya kurudi nyuma, na akaitumia.

Bibi wa kigangoni

Sasa niwaambie kwa nini habari hii haikuniacha nilale.

Kabla sijaingia seminari nilikuwa mwanakwaya parokiani. Mweka hazina wetu alikuwa kaka mmoja mpole, ametuzidi umri kidogo. Tulichanga hela za sare, sare zikachelewa. Tukaanza kunong'ona baada ya mazoezi. Mimi, kwa kujiona nina kipaji cha kuchekesha, nikafungua akaunti yenye jina la bibi wa kubuni wa kigangoni. Huyo bibi akawa anaandika kwa Kiswahili cha kizee, anashangaa viatu vipya vya kaka fulani kwenye msimu wa michango. Sikumtaja jina. Kwani kulikuwa na haja? Kila mtu alijua. Watu walicheka mpaka machozi, wakasambaza. Nilijisikia fundi.

Sare zilikuja baada ya wiki kadhaa. Aliyechelewesha alikuwa fundi cherehani. Hesabu zilisomwa mbele ya kwaya nzima, hakuna shilingi iliyopotea. Lakini yule kaka alisoma hesabu, akaacha daftari mezani, akatoka. Hakurudi tena kwaya.

Niliungama. Padri aliniondolea dhambi, halafu akaniuliza swali moja: "Na yule kaka?" Nikasema nitamwona. Ilinichukua karibu miaka miwili, jamani. Nilishaanza masomo ya falsafa, naandika insha juu ya haki, naogopa kuingia kwenye kibanda cha mtu anayetengeneza redio.

Likizo moja nikaenda. Nilimkuta anachomelea nyaya. Nikamwambia, "Kaka, yule bibi nilikuwa mimi." Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua." Kisha, baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana: "Mama aliulizwa sokoni kama mwanawe ameshafungwa."

Tuliongea. Kabla sijaondoka aliniambia, "Nimekusamehe, frateri. Ila kwaya sirudi."

Alinisamehe kweli, naamini, na tunasalimiana vizuri hadi leo. Lakini sauti yake ya tena haijarudi kanisani. Ningemwendea wiki ile ile ya kwanza, tukiwa bado njiani, pengine ingekuwa tofauti. Msamaha wa Mungu haucheleweshwi na sisi kuchelewa, ila kuna vitu duniani ambavyo vinaharibika tukichelewa.

Tujifunze nini?

Kwanza, jina la mtu ni mali yake. Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapoeleza dhambi za ulimi, anazilinganisha na dhambi za mali. Anayemtukana mtu waziwazi ni kama mnyang'anyi. Anayemsengenya kwa siri ni kama mwizi. Nimeisoma hoja hiyo darasani, nikajiuliza: na anayetukana hadharani huku amejificha nyuma ya jina la bandia, yeye ni yupi? Nadhani ni wote wawili kwa pamoja. Na kama ni mali, basi kuomba radhi peke yake hakutoshi. Mwizi anatubu na anarudisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2487 inatufundisha hilo: kosa dhidi ya ukweli na haki lina wajibu wa kufidia, hata kama umeshasamehewa.

Pili, usiwe hakimu wa kesi yako mwenyewe. Hapa nazungumza na wewe uliyechafuliwa. Sikuambii ujifanye hujaumia. Shields alikuwa na haki ya kulilinda jina lake, na Katekisimu namba 2479 inasema wazi kwamba kila mtu ana haki ya heshima na sifa njema. Uliza, dai maelezo, peleka shauri kwa wazee wa jumuiya, kwa padri, hata mahakamani ikibidi. Kosa la Shields lilikuwa kuchukua mwenyewe nafasi ya mlalamikaji, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa mpigo. Sisi hatubebi upanga. Tunabeba skrinishoti. Tunaziweka kwenye stetasi na maneno "nimenyamaza vya kutosha", halafu tunahesabu walioangalia. Huo nao ni upanga.

Tatu, kuwa Hardin wa mtu. Kundi la WhatsApp likiwaka moto, wengi wetu tunafanya nini? Tunaleta kiti, tunakaa, tunaangalia. Wengine wanaongeza petroli: "Usikubali, mjibu huyo!" Hao ni wasimamizi wa panga. Hardin alipanda mtumbwi akawafuata watu waliotaka kuuana. Kumbuka, Yesu aliwaita wapatanishi wana wa Mungu, na cheo hicho kinamtaka mtu ainuke kwenye kiti. Piga simu. Mwandikie mmoja pembeni. Tafuta yale maneno mawili matatu ambayo kila upande unaweza kuyasema bila kudanganya.

Na hilo la kutodanganya ni muhimu. Pale kisiwani Lincoln alisema aliandika nini na kwa nini. Shields aliondoa yale makali yake. Patano la kweli lina ukweli ndani yake. "Kama nimemkosea mtu yeyote naomba anisamehe" siyo kuomba msamaha, ndugu yangu. Unajua umemkosea nani, na unajua umeandika nini.

Mary Todd aliandika miaka mingi baadaye kwamba yeye na mumewe walikubaliana wasilizungumzie tena pambano lile. Hata mtu mkubwa kiasi kile aliona aibu kwa barua aliyoiandika akicheka.

Kazi ya wiki hii

Naomba kila mmoja wetu afanye mambo matatu kabla ya Jumapili.

Chukua simu yako, pitia ulichoandika mwezi huu: komenti, makundi, stetasi. Kama kuna neno ulilomwandikia mtu ambalo usingeweza kumwambia ukiwa mmepanga foleni moja ya Komunyo, lifute.

Halafu, mtafute mwenye neno hilo. Kama walioliona ni wengi, sahihisha mbele ya wengi hao hao.

Mwisho, nenda kwenye kitubio. Usiseme tu "nimesengenya". Sema nani aliumia, maana padri akikuuliza "Na yule kaka?" uwe tayari umeshaanza safari.

Na kama wewe ndiye uliyetendewa, na mtu akaja na kichwa chini kukwambia "nilikuwa mimi", huna lazima ya kujifanya kila kitu kimerudi kama zamani. Yule fundi redio hakujifanya. Lakini mpe neno la msamaha. Mimi nalikumbuka lile lake kila siku ninapovaa kanzu yangu.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulitukanwa na hukurudisha matusi. Utazame ulimi wangu na vidole vyangu vinavyoandika haraka kuliko ninavyofikiri. Nionyeshe ndugu niliyemwibia jina lake, unipe miguu ya kumwendea leo, wala si mwakani. Anayenidai msamaha asikute mlango umefungwa. Na pale ambapo wenzangu wamesimamisha ubao kati yao, nitume mimi nikauondoe. Tunaomba hayo kwako wewe unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi, utuombee.

Tuombeane, wapendwa. Nami naomba sala zenu nikiendelea na malezi. Tukutane tafakari ijayo, Mungu akipenda.

Frateri wenu